Ukungu wa mchele uliozaa kidonge cha moyo

Babu akimaliza chakula cha jioni, mjukuu ndiye anayetumwa chumbani kumletea dawa. Anarudi na kikombe cha maji mkono mmoja na vidonge mkono wa pili, kisha anauliza kama watoto wanavyouliza: "Babu, hii ni ya nini?"

"Ya mafuta kwenye damu, mjukuu wangu. Yasije yakaziba mishipa ya moyo."

"Na imetengenezwa na nini?"

Hapo babu hunyamaza. Mama anayekusanya vyombo naye hana jibu, na baba anamwambia mtoto kesho ni shule, akalale.

Jibu lipo, na linamfaa mtoto kuliko mtu yeyote pale mezani. Dawa hizo huitwa statini, na ya kwanza kabisa ilitoka kwenye ukungu, wa jamaa moja na ule wa kijani unaoota juu ya mkate uliosahaulika kabatini. Aliyeipata ni mwanabiokemia wa Japani, Akira Endo, mtoto wa mkulima ambaye naye alikuwa na babu wa kumuuliza maswali.

Babu aliyekuwa mwalimu

Endo alizaliwa Novemba 14, 1933, katika mkoa wa Akita, kaskazini mwa Japani. Familia yake iliishi kwa kilimo, na kama ilivyo katika kaya nyingi za huku kwetu, babu na bibi waliishi nyumba moja na wajukuu. Babu yake alipenda sana habari za tiba na sayansi, na alimfundisha mjukuu wake palepale nyumbani.

Alipofika umri wa miaka 10, kijana huyo alikuwa ameshapenda uyoga na ukungu. Kijijini kwao kulikuwa na uyoga mmoja wa ajabu: inzi akiugusa anakufa, lakini watu waliula bila kudhurika. Mtoto mwingine angeupita. Yeye alitaka kujua ndani yake kuna kitu gani kinachomuua inzi na kumwacha mtu salama.

Baadaye alisoma maisha ya Alexander Fleming, mtafiti wa Uingereza ambaye mwaka 1928 aliona ukungu ukiua bakteria kwenye kisahani chake cha maabara. Kutokana na ukungu huo ilipatikana penisilini. Endo akaona kuwa kitu ambacho watu wanakitupa jalalani kinaweza kuokoa maisha.

Alisomea kilimo Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai, na mwaka 1957 akaajiriwa na kampuni ya dawa ya Sankyo jijini Tokyo. Kazi yake ya kwanza haikuhusu moyo hata kidogo. Alitakiwa kutafuta kimeng'enya cha kuondoa utandoutando katika sharubati ya matunda. Alipima aina zaidi ya 200 za ukungu, akakipata kwenye ukungu unaoshambulia mizabibu. Kampuni ikakiuza, naye akajifunza jambo moja lililomwongoza maisha yake yote: ukungu ukiutafuta kwa subira, una mengi ya kukupa.

Ving'ora vya Bronx

Mwaka 1966 Endo alikwenda Marekani kwa utafiti wa miaka miwili katika Chuo cha Tiba cha Albert Einstein, eneo la Bronx, jijini New York.

Kilichomshangaza zaidi alikiona mtaani. Watu wanene walikuwa wengi kuliko alivyozoea kwao, na chakula kilijaa mafuta. Katika majengo ya jirani waliishi wazee wengi, mume na mke peke yao, watoto wameshahama. Mara kwa mara aliona gari la wagonjwa likija kumchukua mzee aliyepatwa na shambulio la moyo.

Wakati huo ugonjwa wa mishipa ya moyo ndio uliokuwa ukiongoza kwa kuua Wamarekani. Madaktari walishajua kwamba lehemu, au kolestro kama wengi wanavyoiita, ikizidi kwenye damu huongeza hatari hiyo. Dawa zilizokuwepo zilikuwa hafifu, au zilimsumbua mgonjwa kiasi cha kumkatisha tamaa.

Endo alirudi Tokyo mwaka 1968 akiwa na swali moja: je, ukungu unaweza kuwa na dawa ya lehemu?

Kiwanda kilicho ndani ya ini

Lehemu yenyewe si sumu. Mwili unaihitaji kujenga kuta za chembe zake, kutengeneza homoni na kutengeneza nyongo inayosaga mafuta ya chakula. Tatizo ni pale inapozidi. Ile inayosafirishwa katika vifurushi vinavyoitwa LDL huganda taratibu kwenye kuta za mishipa, mwaka hadi mwaka, bila maumivu yoyote, mpaka siku mshipa unapoziba.

Wengi hudhani lehemu yote inatoka kwenye chakula. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini lina mchango mkubwa katika kazi hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa mwembamba, asiyegusa nyama choma, akapimwa na kukutwa nayo juu.

Kazi hiyo hupitia hatua nyingi, kila moja na kimeng'enya chake. Kimoja ndicho kama bomba kuu: ukikifunga, kinachotoka mwishoni kinapungua. Endo aliwaza hivi: viumbe wengi wadogo nao huhitaji vitu vya jamii ya lehemu ili waishi. Kama kuna ukungu unaopigana na majirani zake kwa kuwafungia bomba hilo, silaha yake inaweza kuwa dawa kwa binadamu.

Lilikuwa wazo tu. Hakuna aliyejua kama ukungu wa namna hiyo upo duniani.

Aina 6,000

Aprili 1971, Endo na mwenzake Masao Kuroda, pamoja na wasaidizi wachache, walianza kazi. Walikuza ukungu mmoja baada ya mwingine, wakachuja maji yake, wakapima kama yanazuia utengenezaji wa lehemu. Ukishindwa, unatupwa, unaletwa mwingine.

Mwaka wa kwanza walipima aina zipatazo 3,800. Walipata kitu kimoja kilichofanya kazi, lakini kilidhuru figo. Wakakiacha.

Waliendelea. Mwaka 1972 ikafika zamu ya ukungu wenye rangi ya kijani na buluu, uliotoka kwenye mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto. Jina lake la kitaalamu ni Penicillium citrinum, jamaa wa karibu wa ukungu wa Fleming. Maji yake yalizuia lehemu kwa nguvu ambayo hawakuwahi kuiona.

Mwaka 1973 walifanikiwa kuitenga dawa yenyewe, ambayo baadaye iliitwa kompaktini. Ilikuwa ndiyo statini ya kwanza duniani. Katika miaka miwili walikuwa wamepima aina kama 6,000 za viumbe.

Mzazi anayemwambia mtoto wake "jaribu tena" baada ya kushindwa hesabu mara mbili anaweza kumtajia namba hiyo.

Panya walikataa, kuku wakakubali

Furaha haikudumu. Kwa desturi, dawa mpya hujaribiwa kwanza kwa panya. Mwaka 1974 panya walipewa kompaktini, na lehemu yao haikushuka. Katika kampuni nyingi habari ingeishia hapo, kwa kuwa dawa isiyofanya kazi kwa panya haina safari ndefu.

Endo hakukubali haraka. Kwenye vyombo vya maabara dawa ilifanya kazi, na kwa panya hai haikufanya. Labda kasoro haikuwa ya dawa. Baadaye ilieleweka kwamba ini la panya, likifungiwa kimeng'enya kile, hukimbilia kutengeneza kingine kwa wingi, na kwamba panya kwa kawaida hana lehemu nyingi ya ile inayoziba mishipa.

Mwanzoni mwa mwaka 1976, Endo alikuwa kwenye baa karibu na kazini akizungumza na mtafiti mwenzake, Noritoshi Kitano, ambaye alikuwa akifuga kuku wa mayai kwa ajili ya majaribio yake. Kiini cha yai kimejaa lehemu, kwa hiyo kuku anayetaga lazima awe nayo nyingi kwenye damu. Kwa nini wasijaribu kuku?

Walichanganya kompaktini kwenye chakula cha kuku. Katika muda wa mwezi mmoja lehemu ilishuka hadi kufikia nusu. Wakajaribu kwa mbwa, kisha nyani, na kwao pia ikashuka. Dawa iliyokaribia kutupwa ikapata uhai mpya.

Binti wa Osaka

Ikabaki hatua ya binadamu, na hapa ndipo habari inapomgusa kila mwenye mtoto.

Kuna watu wanaozaliwa na hitilafu inayofanya ini lishindwe kuondoa lehemu kwenye damu. Mtoto akiirithi kutoka kwa mzazi mmoja, lehemu yake huwa juu tangu utotoni na anaweza kupata ugonjwa wa moyo mapema kuliko wenzake. Akiirithi kwa baba na mama wote wawili, hali huwa mbaya zaidi: wengine hupata shambulio la moyo kabla ya kutimiza miaka 20.

Mwaka 1978, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Osaka, Dk. Akira Yamamoto alikuwa akimtibu binti wa miaka 18 aliyerithi pande zote mbili. Lehemu yake ilikuwa karibu miligramu 1,000 kwa desilita ya damu, wakati kwa mtu mzima inayotakiwa ni chini ya 200. Hakukuwa na dawa ya kumsaidia. Dk. Yamamoto akaomba kompaktini, na Endo akampatia.

Lehemu ya binti ikaanza kushuka. Lakini baada ya muda misuli yake ilidhoofika, na dawa ikabidi isimamishwe. Fikiria kazi ya daktari huyo: dawa pekee inayoonyesha matumaini ndiyo hiyo inayomuumiza mgonjwa. Alichofanya ni kupunguza dozi. Kwa dozi ndogo, yeye na wagonjwa wengine waliofuata waliendelea na matibabu, na kwa wastani lehemu ilishuka kwa karibu asilimia 30 bila madhara makubwa.

Kwa mara ya kwanza, ukungu wa duka la mchele ulikuwa umefanya kazi ndani ya mwili wa binadamu aliyeuhitaji.

Wengine wakavuna

Mwisho wa mwaka huo huo Endo aliondoka Sankyo na kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Tokyo. Mwaka 1980 majaribio ya kompaktini yakasimamishwa, baada ya mbwa waliopewa dozi kubwa mno kuonekana kupata uvimbe uliodhaniwa kuwa saratani. Kompaktini yenyewe haikuwahi kufika dukani.

Lakini njia ilikuwa imeshafunguliwa. Kampuni ya Merck ya Marekani ilikuwa imepata statini inayofanana nayo kutoka kwenye ukungu mwingine, ikaiita lovastatini. Nayo ilisimama kwa muda kwa hofu hiyo hiyo, kisha ikarudi kwa sababu madaktari walikuwa na wagonjwa wa kurithi wasio na tumaini jingine. Septemba 1987 ikaruhusiwa kuuzwa Marekani.

Swali kubwa lilijibiwa mwaka 1994. Utafiti wa nchi za Skandinavia ulifuatilia wagonjwa wa moyo 4,444 kwa zaidi ya miaka mitano. Waliopewa simvastatini walikufa kwa asilimia 30 pungufu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kuanzia hapo statini zikaingia katika nyumba za mamilioni ya watu. Mwaka 2007 simvastatini iliwekwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na leo jamaa zake kama atorvastatini na rosuvastatini zinapatikana katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki.

Joseph Goldstein na Michael Brown wa Dallas, Marekani, walioeleza jinsi mwili unavyoondoa lehemu kwenye damu, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Wao wenyewe wameandika kwamba watu wanaoishi kwa sababu ya statini wanadaiwa na Endo. Yeye hakupata Nobel, wala hakutajirika kwa dawa zilizoingizia kampuni mabilioni ya dola. Alipewa Tuzo ya Japani mwaka 2006 na Tuzo ya Lasker mwaka 2008. Alifariki dunia Juni 5, 2024, akiwa na miaka 90.

Mzazi aulize nini nyumbani kwake

Hitilafu ile ya kurithi si ya Wajapani peke yao. Ile ya kutoka kwa mzazi mmoja inakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya watu 250 hadi 300 duniani, na kila mtoto wa mwenye nayo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Wengi hawajui kama wanayo.

Katika koo nyingi kuna habari ya ndugu aliyeanguka ghafla akiwa na miaka 40. Msiba ukiisha, watu hunong'ona kuhusu mchawi au wivu wa jirani, na ukoo huingia ugomvi wa miaka. Kabla ya kumtafuta mchawi, ni vyema watoto na ndugu wa marehemu wakapime damu.

Dalili za kuangalia ni hizi: ndugu wa karibu aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55 au 60, vinundu vigumu nyuma ya kisigino, kwenye viwiko au vidole, mafuta ya manjano kuzunguka kope, au duara la kijivu kwenye jicho la mtu ambaye bado hajazeeka. Hata hivyo, wengi hawana dalili yoyote mpaka wapimwe.

Kipimo chenyewe ni cha damu kidogo. Maabara nyingi huandika majibu kwa milimoli, na lehemu ya jumla kwa mtu mzima inatakiwa iwe chini ya 5.2. Kama baba au mama ana hali ya kurithi, wataalamu wa moyo wa Ulaya wanashauri mtoto apimwe kuanzia umri wa miaka 5, na akihitaji dawa aanzishwe akiwa na miaka kati ya 8 na 10, chini ya uangalizi wa daktari. Kusubiri mpaka awe mtu mzima ni kuiachia lehemu miaka mingi ya kuziba mishipa yake.

Kwa mzee anayemeza statini, kosa la kawaida ni kuacha pale majibu yanapokuwa mazuri. Majibu ni mazuri kwa sababu dawa inafanya kazi. Akiacha, ini hurudi kwenye mwendo wake wa zamani. Akihisi misuli inauma au kulegea, asinyamaze na asiache kimyakimya. Amwambie daktari, ambaye anaweza kupunguza dozi au kubadilisha aina, kama alivyofanya yule wa Osaka. Mama mjamzito au anayetarajia kushika mimba azungumze na daktari kabla ya kuitumia.

Na dawa haichukui nafasi ya sahani. Mboga, maharage, samaki, mafuta kidogo, kutembea kila siku na kuacha sigara ni vya familia nzima, mwenye lehemu na asiye nayo.

Jibu la mtoto

Yule mjukuu aliyeuliza kidonge kimetengenezwa na nini hakuwa akichelewesha kulala, au kama alikuwa akichelewesha, alikuwa na sababu nzuri. Kesho jioni baba anaweza kumjibu: kilianzia kwenye ukungu wa mchele, ukatafutwa na mtu aliyepima aina 6,000, akakataliwa na panya na kuokolewa na kuku.

Mtoto atacheka habari ya kuku. Kisha atauliza swali jingine, na babu, akiwa na kikombe chake mkononi, ana muda wa kutosha wa kulisikiliza.